Bibi Shamba, kindi wamenimalizia nyanya!

Jamani, barua za mwezi huu zimenijaa na karibu zote ni kilio kimoja, mtu amelima, amebeba ndoo za maji asubuhi na jioni, alafu siku ya kuvuna anakuta mwenzake kashavuna. Nimechagua saba. Nyingine zinafanana sana na hizi kwahiyo mkisoma mtaona majibu yenu humuhumu.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina kabustani nyuma ya nyumba, nyanya mistari minne, hoho, sukuma na stroberi kidogo za watoto. Tangu mwezi wa saba kindi wameniandama, yani nikiamka nakuta nyanya ziko chini zimeng'atwa upande mmoja tu zimeachwa. Mume wangu anasema tununue sumu ya panya tuipake kwenye ndizi. Jirani anasema nitundike CD zing'ae. Sanamu nimeshaweka nikalivalisha shati, juzi nimemkuta kindi amekaa begani kwa hilo sanamu anakula nyanya yangu. Nimechoka.*
*Mama wa watatu, Usa River*

Marahaba mwanangu, na pole sana maana nyanya ni kazi. Kwanza kabisa mwambie baba watoto hiyo sumu aiache hukohuko dukani. Naongea kwa uchungu kwasababu yalishanikuta. Mwaka mmoja nikiwa bado kazini niliuziwa sumu, muuzaji akaniapia kabisa kwamba inaua panya peke yake, nikaipaka kwenye vipande vya muhogo nikaweka kando ya matuta ya kabichi. Panya wawili walikufa kweli. Siku ya nne natoka asubuhi namkuta bundi yuko chini ya mparachichi, mabawa yamelala pembeni, macho yako wazi, anapumua kwa tabu na mdomoni ana damu. Huyo bundi nilikuwa namsikia kila usiku juu ya stoo. Saa tatu haikufika alikuwa ameshakufa. Sumu nyingi za panya za siku hizi haziui papo hapo, zinazuia damu isigande, kwahiyo panya anazunguka siku tatu nne hata wiki akiwa amelegea, bundi au paka anamdaka kirahisi na sumu inahamia kwake. Miezi miwili baadae nilikuwa na panya wengi kuliko mwanzo maana aliyekuwa anawala nimemuua mimi mwenyewe. Watu wetu wanampiga bundi mawe eti analeta uchuro, mimi nakuomba akija kwako muache akae. Na wewe una watoto watatu, ndizi yenye sumu bustanini ni kitu cha kutofikiria kabisa.

Sasa turudi kwa huyo mlaji. Umesema ukiamka unakuta zimeshaliwa. Unaamka saa ngapi? Kindi hatembei usiku, analala kwenye tundu la mti mpaka kupambazuke, na jioni giza halijashika ameshaingia ndani. Kama saa kumi na moja alfajiri nyanya tayari ziko chini basi huyo ni panya, na kindi uliyemuona juu ya sanamu ni mlaji wa zamu ya mchana. Inawezekana kabisa unao wote wawili na kila mmoja ana dawa yake. Kuhakikisha ni rahisi: jioni chukua kipande cha ubao au sinia kuukuu, chekechea jivu laini juu yake, liweke chini ya mche wenye nyanya zinazoiva. Nenda kaangalie na tochi ya simu kabla hakujapambazuka, futa, chekecha jivu upya, alafu kaangalie tena saa nne. Nyayo za alfajiri ni za panya, za saa nne ni za kindi. Tafuta na mavi, ya panya yako kama punje za mchele mweusi. Nyanya yenyewe pia inasema. Ndege anadonoa tundu linaloingia ndani, konokono anaacha utelezi unaong'aa ukikauka, na hawa wenye meno ya kuguguna wanaacha mikwaruzo miwili miwili iliyolala sambamba kwenye nyama ya nyanya, ukiigeuza kwenye jua la asubuhi unaiona vizuri.

Kwa panya, fyeka majani yaliyozunguka bustani, ondoa mbao na matofali yaliyorundikwa maana ndo nyumba zao, okota nyanya zote zilizoanguka kila jioni bila kukosa, alafu weka mitego ya kubana ndani ya boksi lenye tundu dogo pembeni ili ndege na kuku wasinase. Wiki mbili za kufanya hivyo bila kuruka siku, utaona tofauti.

Kwa kindi kitu pekee nilichoona kinafanya kazi mwaka hadi mwaka ni waya. Na sio fensi ya kuzunguka tu, maana kindi ukimwekea fensi umempa ngazi, ni chumba kizima chenye paa. Simika mirunda au mianzi, zungushia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, ule unaotumika kwenye vichanja vya kukaushia kahawa, na juu funika pia. Neti ya plastiki ataitafuna kwa dakika, meno ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote kwahiyo kutafuna ni lazima atafune. Chini usiishie juu ya ardhi, chimba mtaro wa futi moja, shusha wavu humo alafu ukunje uangalie nje kama umbo la herufi L, anayechimba anakutana na waya kwenye makucha anakata tamaa. Mlango uwe unabana kweli, nimeona watu wanatumia hela nyingi kwenye waya alafu mlango una upenyo wa ngumi. Kama hela haitoshi kwa mistari yote minne, jengea miwili, alafu hiyo mingine panda vitunguu na pilipili kali ambazo kindi hazipendi sana.

Kuna jambo lingine halina gharama hata shilingi. Usisubiri nyanya iwe nyekundu kwenye mche. Ikishaanza kubadilika tu, ile rangi ya pinki kidogo kule chini kwenye kitako, ichume, iweke ndani kwenye tenga mahali pasipo na jua, itaiva vizuri na utamu wake upo. Wengi wanadhani wanapoteza ladha lakini nyanya ikishafika hapo imeshamaliza kazi yake na mche. Mimi hii ndo imeniokolea nyanya nyingi kuliko kitu kingine chochote. Alafu huo mwezi wa saba ni kiangazi, na mnyama anayeng'ata nyanya upande mmoja akaiacha mara nyingi ni kiu inamsumbua. Weka beseni la maji mbali na bustani, kule karibu na miti, ubadilishe kila siku mbu wasizaliane. Na matawi yanayoning'inia juu ya bustani yapunguze, kindi anaruka mita mbili bila shida.

CD zitamtisha wiki moja, atazizoea kama alivyozoea sanamu. Maji ya pilipili yanasaidia kidogo: pilipili kichaa kiganja kimoja, twanga, chemsha kwenye lita moja ya maji, ikipoa chuja, weka sabuni ya maji kijiko kimoja ili ishike kwenye majani, nyunyiza jioni. Mvua ikipiga au ukimwagilia kwa juu imeondoka, unaanza upya. Vaa glovu na usishike macho. Na kama kumbe anayekula ni ndege usijisumbue na pilipili, ndege hawasikii ule ukali kabisa, ndo maana unaona wanakula pilipili mbivu kwenye mche kama peremende.

*Sasa Bibi Shamba, mimi ni kijana wa Makueni, kazi iliisha Nairobi nikarudi nyumbani nikapanda mahindi na ndengu nusu ekari. Kila nikipanda, kesho yake nakuta vishimo vimefuata laini yangu mstari mzima, kama mtu amepita na kijiti akitoa mbegu moja moja. Wazee wanasema ni kindi wa chini. Nimepanda mara mbili na mbegu ni pesa.*
*Kijana wa ndengu, Makueni*

Salama kijana wangu, na hongera kwa kurudi shambani. Wazee wamesema kweli, huyo ni kuchakuro, kindi wa ardhini, hapandi miti sana, anaishi shimoni na anatoka jua likishapanda. Ukimvizia utamuona anasimama kwa miguu ya nyuma anaangalia huku na huku, alafu anainama ananusa udongo uliofukuliwa karibuni, anachimba, anatoa punje, anasogea hatua moja kwenye shimo linalofuata. Anafuata harufu na udongo uliolegea, na laini yako iliyonyooka inamrahisishia maana akishapata mbili za kwanza anajua ya tatu iko wapi.

Kwahiyo mnyime muda na umfiche laini. Usipande kwenye udongo mkavu ukisubiri mvua, mbegu inakaa chini siku kumi inamsubiri yeye. Ngoja mvua inyeshe kisawasawa, loweka mahindi usiku mmoja, panda asubuhi, yataota haraka. Panda kina cha inchi mbili hadi tatu, kanyagia udongo kwa mguu ushikane, alafu buruta tawi lenye majani juu ya shamba zima ufute alama zote za laini. Juu ya mistari ya pembeni, ile iliyo karibu na kichaka, laza matawi ya miiba. Baada ya hapo ni kulinda, na ulinzi wenyewe ni wa mchana tu tena kwa siku kumi hadi kumi na nne, kwasababu anachotaka ni ile punje. Mche ukishainyonya punje ikaisha haumtamanishi tena. Ongea na majirani mpande siku moja, shamba likipandwa peke yake kijiji kizima cha kuchakuro kinahamia kwako.

Kumwaga petroli mashimoni usifanye. Mashimo yale yana nyoka, kenge, vyura, wote wanakusaidia kula wadudu na panya, na Kenya mna sheria ya wanyamapori ya 2013, kuua mnyama wa porini ovyo kunaweza kukupeleka kortini. Fyeka tu ile mipaka ya shamba iwe wazi mita kumi hivi, kuchakuro hapendi kukimbia sehemu isiyo na pa kujificha mwewe akiwa juu.

*Shikamoo Bibi. Huku Lushoto tunalima viazi, karoti na mahindi kwenye matuta ya mlimani. Usiku kuna kitu kinaguguna mahindi na maboga, na pia viazi na karoti vinanyauka tu ghafla, uking'oa unakuta juu kuna majani chini hakuna kitu. Tumepiga dawa ya ukungu haikusaidia. Ni mnyama mmoja au ugonjwa?*
*Mkulima wa mlimani, Lushoto*

Marahaba. Hao ni wawili na dawa ya ukungu mmepoteza bure, poleni.

Wa maboga ni nungunungu, zunguka asubuhi utaokota mwiba wake mmoja au miwili mweusi na mweupe. Ni mnyama mzito, anafika kilo 20, anaguguna kila kitu mpaka maganda ya miti. Watoto waambieni ukweli kwamba harushi miiba kama mishale, akibanwa anageuka anarudi kinyumenyume kwa kasi na ndo hapo mbwa wanachomwa usoni. Uzuri wake ni kwamba hapandi wala haruki, kwahiyo fensi fupi inamtosha, mabati chakavu yaliyochimbiwa futi moja na nusu chini na kubaki mita moja juu yanafanya kazi nzuri sana. Miti mitupu ya fensi ataitafuna. Ana njia yake anayopita kila usiku, itafuteni, anzeni kuziba upande huo. Kumuua bila kibali ni kosa, sheria yetu ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009 iko wazi, wamezidi nendeni serikali ya kijiji mkamuone afisa wanyamapori wa wilaya.

Wa karoti ni fuko. Huyu anaishi chini maisha yake yote, anakula mizizi na viazi kutokea chini, ndo maana juu huoni jino. Tafuteni vichuguu vidogo vya udongo laini vilivyopangana. Na jina hili letu limefika mbali, mwaka 2006 wanasayansi waliwapa kundi moja la wanyama hawa jina la Fukomys, wamelitoa kwenye fuko hilihili la lugha za Kibantu. Tabia yake ya kuijua ni moja, fuko havumilii njia yake iwe wazi. Ukifukua tundu kwenye njia yake, upepo na mwanga vikaingia, atarudi kuziba. Wazee ndo hapo wanapomvizia. Unafukua asubuhi mapema, unasimama kimya kabisa bila kukanyagakanyaga maana anasikia mtikisiko wa ardhi, jembe umelishika juu, baada ya muda udongo unaanza kusukumwa kutoka ndani, unashusha jembe nyuma yake kumkatia njia unamtoa. Au mtego wa kamba na fimbo iliyopindwa hapohapo mlangoni. Kwenye kitalu kidogo cha karoti weka waya wa nusu inchi chini kabisa ya tuta kabla ya kupanda, kina cha mkono, hiyo ni kazi ya mara moja unakula matunda yake miaka.

*Salamu mama. Sisi ni Wakongo wa Uvira, sasa tunaishi Louisville, Kentucky. Nina kipande cha bustani ya jumuiya, ninapanda lengalenga (mchicha), matembele na maharagi. Lengalenga ilitoka vizuri sana, siku moja nikaikuta imekatwa yote kama kwa kisu. Kule kwetu nilijua kila mnyama wa shamba, huku sijui. Tena kindi wa kijivu wanachimba kwenye vyungu vyangu vya balkoni kila siku na hawali kitu! Mwenzangu wa kazi ameniambia niweke naftalini.*
*Mama wa lengalenga, Louisville*

Salamu sana mama, nimefurahi kweli kusikia lengalenga imefika Kentucky. Shika shina lililokatwa uliangalie kwa karibu. Kama limekatwa safi kwa mshazari kama kwa kisu, ni sungura, yeye ana meno ya mbele juu na chini yanakutana kama mkasi. Kama limechanikachanika na kuacha nyuzinyuzi ni kulungu wa huko, hana meno ya mbele ya juu kwahiyo anabana na kuvuta, sawasawa na mbuzi. Kwa ulivyoeleza ni sungura. Dawa yake ndogo, wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja, urefu futi mbili tu juu na inchi sita umezikwa chini. Ukikuta mimea ya maharagi imeliwa yote mchana kweupe, huko kuna mnyama mnene wa kahawia, mfikirie pimbi lakini mkubwa zaidi, anachimba shimo chini ya vibanda na fensi anapanda. Huyo wavu wake uwe mrefu na ile futi ya juu kabisa usiifunge kwenye nguzo, iache ilegee, akipanda inamgeukia anaanguka nje. Kulungu ndo gharama, anaruka, wanaomzuia kweli wanaweka fensi ya futi nane, kwahiyo hilo lipelekeni kwenye kikao cha bustani mchangie wote.

Hao kindi wa vyunguni hawakosei kutokula, hawakuja kula. Wanazika njugu za kula wakati wa baridi, na udongo wako umelegea vizuri kuliko wa nje. Lazia kipande cha wavu mgumu juu ya udongo wa chungu, mimea ipite katikati ya matundu, au panga mawe yanayokaribiana. Kuwatega na kuwapeleka mbali usifanye kabla ya kuuliza, kila jimbo huko lina sheria zake za wanyama na wewe mgeni usiingie matatani kwa ajili ya kindi. Na naftalini hapana mama, usiweke kabisa. Ile ni sumu ya nondo wa kabatini, inaingia kwenye udongo unaoota chakula chako, mtoto akiiokota anadhani ni pipi, na huko Marekani kuitumia nje bustanini ni kinyume cha sheria. Tena na hapa nyumbani nawaona mnaoitupa kwenye matuta, acheni.

*Bibi Shamba shikamoo, mimi niko Pangani. Ngedere. Naomba msaada.*
*Msomaji, Pangani*

Marahaba, na neno moja limenitosha kukuelewa. Ngedere, wengine mnamwita tumbili, ni mgumu kuliko wote waliotajwa hapo juu na sitakudanganya kwamba kuna dawa ya kunyunyiza itakayomaliza. Ana akili, anakusoma. Anajua saa unayokwenda kula, anajua kama uliyeshika ni fimbo au simu, na akina mama wengi wanaolinda mashamba wananiambia kwamba wakiwepo wao ngedere wanaendelea kula, akitokea mwanaume wanakimbia. Waya wa kuzunguka anapanda. Kwahiyo vya kufungia kwenye chumba chenye paa la waya ni vile vichache vyenye thamani kama nyanya na matikiti, vingine badilisha uweke asivyovipenda: tangawizi, vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, mchaichai. Mahindi na ndizi weka karibu kabisa na nyumba. Mbwa mmoja anayejua kazi anashinda masanamu kumi. Makombo yote yafukie, na yule jirani anayewapa ndizi ili apige picha mwende mkamwambie kistaarabu aache, kwasababu ngedere aliyezoea kupewa haogopi tena mtu yeyote, anaingia mpaka jikoni.

Na hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: akikung'ata au kukukwaruza, wewe au mtoto, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama itavimba.

*Bibi, sisi tuko vijiji vya jirani na hifadhi ya Mikumi, kwetu ishu sio kindi, ni tembo. Bustani ya matikiti inaisha usiku mmoja. Tufanye nini?*
*Wana kikundi, Kilosa*

Poleni sana wanangu, na kitu cha kwanza ni uhai wenu, msimfukuze tembo usiku kwa miguu mkiwa wawili watatu. Kinachosaidia ni kumzuia kabla hajaonja. Uzio wa pilipili mnaujua: kamba za katani zimefungwa kwenye nguzo, vitambaa vinaning'inia, vyote vimepakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, na oili ndo inayofanya mvua isiioshe. Ila lazima mpake upya mara kwa mara, ukikauka tembo anapita. Nyuki pia. Kenya, pale Sagalla karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba, kila mita 10 kuna mzinga au ubao uliokatwa kama mzinga, yote imeunganishwa kwa waya mmoja, tembo akigusa waya mizinga inacheza nyuki wanatoka. Tembo anamuogopa nyuki kweli, anamng'ata kwenye macho na ndani ya mkonga. Na asali mnauza. Uharibifu ukitokea msifute nyayo, pigeni picha, toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji mapema ili afisa aje apime, kifuta jasho kipo kwenye kanuni ingawa kwa jinsi mnavyopata hasara ni kidogo na kinachelewa, na mimi naona hilo linatakiwa kusemwa kila mahali mpaka lirekebishwe.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Klabu yetu ya shule tumehamisha miche ya kabichi kutoka kitaluni, asubuhi tumekuta mingine imekatwa chini kabisa imelala. Mwalimu anasema ni panya, wenzangu wanasema sungura. Tuweke mtego gani?*
*Mwanaklabu, Dodoma*

Marahaba mjukuu wangu, umeuliza vizuri na umeangalia vizuri. Nakuuliza na mimi: mche uliolala, majani yake yapo? Kama yapo karibu yote basi sio sungura, sungura angeyala. Huyo ni sota, kiwavi wa kijivu anayekata shina usiku alafu mchana anajificha palepale chini. Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali chukua kijiti, ufukue taratibu kuzunguka mche uliokatwa, kina cha kidole kimoja tu, utamkuta amejikunja kama herufi C. Miche iliyobaki izungushieni kila mmoja kikaratasi kigumu, hata kipande cha boksi la maziwa, nusu kizame kwenye udongo na nusu kibaki juu, sota hawezi kulifikia shina. Mtego hamna haja. Mkishawaokota wote wapelekeeni kuku wa mwalimu.